Kwa nini mpunga hauozi majini?

Ukishuka kutoka Moshi mjini kwenda Mabogini na Chekereni, utakuta mahindi na mpunga vinapakana, katikati tuta tu. Masika yakizidi na maji yakatuama, mahindi yanageuka manjano ndani ya siku chache. Mpunga wa jirani umekaa majini wiki kadhaa na bado ni kijani kibichi.

Ukiuliza sababu, wengi watakwambia mpunga ni mmea wa maji, kama yungiyungi. Sivyo. Ni nyasi, ndugu wa mahindi na ngano, na ipo mbegu ya nchi kavu inayolimwa kwa mvua tu, bila jaruba. Maji tunayofungia jarubani yanafanya zaidi kazi ya jembe la palizi: magugu mengi hayaoti chini ya maji, mpunga uliopandikizwa ukiwa na kimo unaota. Ndiyo maana jaruba linaweza kuachwa likauke siku kadhaa, likajazwa tena, na mavuno yasipungue. Si kila mahali, lakini. Udongo wa kichanga haushiki unyevu, mizizi ya mpunga haiendi chini sana, na maji yakikosekana wakati wa kutoa maua utavuna mapepe, yaani maganda matupu. Mpunga hauhitaji kuogelea, ila kiu hauiwezi.

Huku Moshi ya chini kiasi cha maji si swali la darasani. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, inategemea maji ya mito ya Njoro na Rau. Wakulima wa juu walipoona mpunga unalipa, nao wakafungua majaruba yao, na maji yakawa ya kugombania.

Sasa hiyo siri ya kutooza. Kinachoua mahindi ni kukosa hewa. Mizizi nayo inapumua, na oksijeni hupenya majini polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Ile kidogo iliyomo kwenye tope bakteria wanaimaliza mapema. Basi mpunga huvuta hewa kutoka juu. Aliyecheza utotoni na kikonyo cha jani la mpapai anaujua mpango huu: kina tundu katikati, unazama mtoni huku ncha moja imechomoza, na unapumua. Ukikitoboa ubavuni, hewa inatorokea njiani na wewe unaibuka unakohoa. Mahindi yana shida hiyohiyo: yakifurikiwa hutengeneza mirija mizizini, lakini kwa kuchelewa, tena inavuja. Mpunga unayo mirija hata kabla maji hayajaja, na ukifurikiwa unaziba kuta za nje za mzizi kwa suberini, kitu kilekile kilichomo kwenye gome la kizibo cha chupa. Mirija yenyewe inapatikana kwa namna ya ajabu kidogo: baadhi ya seli za ndani ya mzizi zinajiua kwa mpangilio ili kuacha nafasi.

Ng'oa shina moja, suuza tope, uangalie mizizi. Ina wekundu wa kutu, na ni kutu kweli: hewa kidogo inayovuja inakutana na madini ya chuma yaliyoyeyuka kwenye tope.

Mpango huu una sharti moja, jani lichomoze. Mpunga ukifunikwa kabisa, mbegu nyingi hufa kwa wiki moja au mbili. Huko Bangladesh kuna aina zinazorefuka zaidi ya sentimita 20 kwa siku kukimbizana na mafuriko. Nyingine, zenye jeni iitwayo Sub1, hufanya kinyume: huacha kukua, hutunza akiba na kungoja maji yapungue.

Na mirija hiyo haichagui mwelekeo. Vijidudu vya kwenye tope lisilo na hewa hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto, na sehemu kubwa ya gesi hiyo hupandia humohumo hadi hewani. Ubwabwa wa harusi pale Pasua una mchango wake, mdogo. Jaruba likikaushwa siku chache, hewa inaingia kwenye tope na methani inapungua.