Ziara za Umeme wa Maji: Maswali ya Kubeba Kabla ya Kuondoka Tanga

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kuna pia katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Kwa sababu hizo shule, vyama vya ushirika na vikundi vya Lushoto, Korogwe na Muheza vimekuwa vikifunga safari kwenda Iringa, Njombe na Ruvuma kujionea wenzao wanavyofua umeme wa mito midogo. Ni jambo jema, na sisi tunaoshughulika na vibali vya maji hatuna kinyongo nalo. Kinachotusumbua ni barua zinazofuata baada ya ziara.

Barua hizo hufanana. Kikundi kimekwenda, kimeona, kimerudi na kuchangishana, na sasa kinaiomba ofisi ya bonde, yaani sisi wa Bodi ya Maji ya Bonde, "itambue" banio (ukuta wa kuchepushia maji mtoni) ambalo saruji yake imeshakauka. Ndugu wananchi, ofisi haitambui mabanio. Inatoa kibali cha kutumia maji, na kibali huombwa kabla koleo la kwanza halijagusa udongo.

Tuanze na safari yenyewe. Wengi hupelekwa Mwenga, wilayani Mufindi, penye mtambo wa megawati 4 uliowashwa mwaka 2012. Umeme wake unakwenda kwenye viwanda vya chai na vijiji vya jirani, na unaobaki unauzwa TANESCO. Baadaye mradi huohuo ulisimamisha mashine za upepo za megawati 2.4. Wageni hupiga nazo picha sana. Wachache huuliza kwa nini mtu mwenye mto wake ahangaike na upepo. Jibu ni kwamba Mufindi ina msimu mmoja wa mvua. Ukiisha, kuanzia Mei hadi mvua zinaporudi Novemba, mto unashuka wiki hadi wiki, na miezi hiyo ndiyo upepo wa kule unapokuwa na nguvu. Aliyejenga alikuwa na vipimo vya mto vya kiangazi mkononi, akajua upungufu wake ni kiasi gani na unaanguka lini.

Sasa angalieni vikundi vyetu husafiri lini. Husafiri Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na fungu la mafunzo lisipotumika linarudi. Juni mto wa Mufindi bado umeshiba mvua za masika. Nendeni Oktoba. Mwenyeji atawaonyesha mashine iliyopunguzwa au kuzimwa, atawaeleza anavyogawa umeme mchache kati ya kiwanda na vijiji, na hapo mtakuwa mmejifunza kitu. Tena msibebe hesabu zake kuja nazo Usambara. Sisi tuna masika na vuli, kwa hiyo mito yetu hushuka mara mbili kwa mwaka.

Ruvuma nako kuna Tulila, mradi wa masista Wabenediktini wa Chipole kwenye mto Ruvuma, wa megawati 5. Ulipoanza, Songea ilikuwa inaendeshwa na jenereta za dizeli. Gridi ya Taifa ilifika huko mwaka 2018. Mnunuzi aliyekuwa akichoma dizeli kila usiku ana hamu ya umeme wa maji. Tanga hatuko hivyo. Hale ipo tangu 1964 na megawati zake 21, Pangani Mpya iliongezwa mwaka 1995 ikiwa na megawati 68, na nyaya za gridi zinapita juu ya mashamba yetu ya mkonge. Anayetaka kufua umeme hapa lazima aanze kwa kujibu nani ataununua, au ajue wazi kwamba ni wa jiko la shule yake tu. (Hale haihitaji hata kulala njiani. Sijui kwa nini kikundi cha Muheza kinapita karibu nayo kikielekea kutafuta elimu ya umeme wa maji Mufindi.)

Hesabu ya awali mnaweza kuifanya wenyewe. Zidisha maji, kwa lita kwa sekunde, na kimo cha anguko kwa mita, kisha zidisha na 9.8 na ugawe kwa 1,000. Lita 100 zikishuka mita 30 ni kama kilowati 29. Ondoa kinachopotea kwenye bomba na mashine, zinabaki kama 18. Jungu la umeme la presha hula kama kilowati moja, kwa hiyo hapo mmepata majungu 18 kwa wakati mmoja, bila taa hata moja. Na lita hizo 100 ziwe zile za mwezi mkavu kuliko yote. Kipimo cha Aprili msituletee.

Nije kwenye hoja ninayoisikia kila wiki: "Maji ya umeme hayaliwi, yanarudi mtoni, kibali cha nini?" Ni kweli yanarudi. Yanarudi kule chini mashine ilipo, ambako mara nyingi ni kilomita moja au zaidi kutoka kwenye banio. Katikati ya hapo mto mmeukausha. Katikati ya hapo kuna mama anayechota, kuna mfereji wa mboga za watu, kuna ng'ombe wanaonyweshwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka mbele maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya mazingira, yaani yale ambayo lazima yabaki mtoni. Shughuli za uchumi, umeme ukiwamo, zinafuata. Kuchepusha maji ni kuyatumia, hata ukiyarudisha yote.

Wala muhtasari wa mkutano wa kijiji si kibali. Tunauhitaji, ila mto hauishii kijijini. Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambako Jiji la Tanga linapata maji. Umba unatoka milima yetu na kuingia baharini upande wa Kenya. Mwenyekiti wa kijiji, kwa heshima zake zote, hawezi kusaini kwa niaba ya hao.

Utaratibu ni huu. Maombi huletwa Bodi ya Maji ya Bonde kwa fomu, yakionyesha mahali pa banio na pa kurudishia maji, kiasi kinachoombwa, na miezi ya matumizi. Maafisa hufika eneoni, na walioko chini ya mto husikilizwa. Kibali kikitoka huwa na masharti na ada ya kila mwaka, na Bodi inaweza kupunguza kiasi wakati wa ukame. Kibali hakikufanyi mwenye mto. Tathmini ya athari kwa mazingira ni suala la NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kumekatazwa shughuli zenye kuharibu, kwa hiyo nyumba ya mashine haijengwi popote penye tambarare. Mtambo ulio chini ya megawati 1 umesamehewa leseni ya kufua umeme ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, haujasamehewa kujisajili, na fundi wa nyaya lazima awe na leseni yake.

Anayechepusha maji bila kibali anaweza kushtakiwa, na adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Anaweza pia kuamriwa avunje banio kwa gharama zake, hata kama mashine ilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi.

Kikundi chenye ziara inayokuja kipite ofisini wiki mbili kabla, na jina la mto wake na mahali panapofikiriwa. Kama tuna kituo cha kupimia maji kwenye mto huo, tutawapa mtiririko wake wa kiangazi, mwende kwa mwenyeji na namba zenu wenyewe. Kama hatuna, ahirisheni ziara, mpime mto kwanza Januari na Februari.