Mionzi kazini, vinasaba, na mimba inayofichwa: maswali na majibu

Nasimamia usalama wa mionzi kwa wafanyakazi wa hospitali. Maswali haya huulizwa na wapiga picha za eksirei, wauguzi wa chumba cha upasuaji na madaktari. Wengi wanaogopa kitu kisichowakaribia, huku wakichezea kile kilicho mlangoni.

Mionzi inafanya nini kwenye vinasaba?

Inavikata. Uzi wa vinasaba una pande mbili. Ukikatika upande mmoja, seli huurekebisha bila shida. Zikikatika pande zote mbili, unaweza kuungwa vibaya, na seli ikafa au ikaendelea kuishi na kosa. Kosa likiwa kwenye seli za kawaida za mwili, linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye, nalo huishia kwako. Likiwa kwenye yai au mbegu ya kiume, ndipo linaweza kumfikia mtoto utakayemzaa.

Basi wanangu watarithi madhara ya kazi yangu?

Hofu hii ina umri. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kwamba eksirei hubadili vinasaba vya nzi wa matunda, na mabadiliko hayo yakapita kwa vizazi vyao. Kwa binadamu, watoto waliotungwa mimba baada ya wazazi wao kunusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na ongezeko la magonjwa ya kurithi halijaonekana. Kwa tahadhari, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilikadiria mwaka 2007 kwamba kila siveti moja (siveti ni kipimo cha dozi ya mionzi) humwongezea mfanyakazi hatari ya madhara ya kurithiwa kwa asilimia 0.1, na ya saratani kwa asilimia 4.1. Siveti moja ni milisiveti 1,000. Ukomo wa kazini ni milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5. Ungehitaji kufikia ukomo huo kila mwaka kwa miaka 50 ndipo ukusanye siveti moja.

Na ile habari kwamba wapiga picha huzaa mabinti watupu ni porojo za korido.

Kama ni hivyo, mbona unatusumbua kuhusu mimba?

Kwa sababu mtoto aliye tumboni hasubiri kurithi. Mionzi inampiga yeye mwenyewe, wakati seli zake zinagawanyika kwa kasi kuliko atakavyowahi kuwa tena. Viungo hujengwa kati ya wiki ya 3 na ya 8 tangu mimba kutungwa. Ubongo uko hatarini zaidi kati ya wiki ya 8 na ya 15. Hesabu mwenyewe: mengi ya hayo hupita kabla tumbo halijaonekana, na ndiyo miezi ambayo wenzetu wengi huifanya siri.

Nisubiri kwanza mimba ikae vizuri ndipo niseme?

Hapana. Ukishajua tu, sema. Si lazima uwatangazie wenzako wote. Mwambie msimamizi wa mionzi na mkuu wako wa kitengo. Ukishasema, kijusi huhesabiwa kama mtu wa kawaida mtaani, si kama mfanyakazi, na kwa muda wote uliobaki wa ujauzito hatakiwi kupata zaidi ya milisiveti 1. Usiposema, hakuna anayemhesabu.

Nikisema si nitaondolewa kitengoni nipoteze posho?

Swali hili nalielewa, maana ndilo hasa linalofanya watu wanyamaze. Lakini mjamzito halazimiki kuacha kazi ya mionzi. Tunapitia rekodi zako, tunakupa beji ya pili ya kupimia mionzi, ya kuvaa tumboni ndani ya aproni ya kinga, inayosomwa kila mwezi, kisha tunakutoa kwenye fluroskopia (eksirei inayoonyesha picha mfululizo) na kushika wagonjwa wakati wa kupigwa picha. Picha za kawaida unazipiga ukiwa nyuma ya kizuizi. Kama mkuu wako anatumia mimba kukutisha, njoo tumkabili pamoja. Usimlipishe mtoto ugomvi wa ofisi. Sema mapema.

Mimi huvaa aproni ya risasi, ile metali nzito. Haitoshi?

Aproni nzuri huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa. Ila haikufuniki macho wala mikono, na ikikunjwa kama blanketi hupasuka ndani bila wewe kuona. Itundike. Halafu sogea: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inapungua hadi karibu robo. Hatua moja nyuma haina gharama, lakini bado naona watu wameinamia meza ya fluroskopia.

Maziwa husafisha mionzi?

Hayasafishi. Eksirei ikishapita haibaki mwilini, kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Kunywa kama unayapenda.

Mume wangu ndiye mpiga picha. Tuahirishe kupata mtoto?

Kwa dozi za kazini zilizo ndani ya ukomo, hapana.

Nilishika mgonjwa kabla sijajua nina mimba. Niitoe?

Tafadhali, usifanye uamuzi huo kwa hofu. Kijusi kikiwa kimepata chini ya miligrei 100 (kwa eksirei, miligrei ni karibu sawa na milisiveti), mionzi peke yake si sababu ya kutoa mimba, na kazi ya kawaida haikaribii kiwango hicho. Njoo tupige hesabu kwa beji yako. Hapa ndipo ninapokosa subira: beji ilikuwa droo, au imening'inia kwenye koti ukutani, na ripoti inasema sifuri. Sifuri hiyo ni ya droo. Mama amekaa mbele yangu analia, nami natakiwa nimjibu kwa kubahatisha idadi ya wagonjwa na dakika za fluroskopia, wakati kifaa cha kumpa jibu kilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Niko mwezi wa tano na sijasema. Nimechelewa?

Umechelewa, ndiyo. Lakini ubongo wake bado unakua, na miezi iliyobaki inahesabika. Usingoje kesho wala mwisho wa zamu. Njoo leo, na beji uje nayo hata kama ilikuwa droo.