Je, wajua? Urusi iliyokuwa ikinunua ngano Marekani, leo ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote

Pale Birere, mtaa wa maduka wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukimuuliza mwenye duka kwa nini mfuko wa unga wa ngano umepanda bei, atakujibu kuwa dola imepanda, au mpakani kuna shida. Hakudanganyi. Ila unga ule umeanza safari mbali sana na mpaka. Ngano hulimwa kidogo kwenye milima ya Lubero, lakini haiwezi kulisha mikate na mandazi ya mji huu. Nyingi hushushwa na meli Mombasa au Dar es Salaam, husagwa njiani, kisha unga huingia Goma kwa lori na kumaliziwa na chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mikono, mifuko ikiwa imerundikwa mpaka msukumaji haonekani kichwa.

Kwa miaka ya 2018 hadi 2020, hesabu za UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, zilionyesha kuwa Kongo, Rwanda na Tanzania kila moja ilinunua zaidi ya nusu ya ngano yake kutoka Urusi na Ukraine. Mtu wa mwaka 1980 angeambiwa hivyo angecheka.

Wakati ule Marekani ndiyo ilikuwa bwana wa soko. Msimu wa 1981/82 iliuza nje zaidi ya tani milioni 45, karibu nusu ya ngano yote iliyovuka mipaka duniani. Na mteja wake mmoja mkubwa alikuwa nani? Umoja wa Kisovyeti, ambao Urusi ilikuwa kiini chake. Mwaka 1972 pekee Moscow ilinunua huko zaidi ya tani milioni 10. Wakati nchi hiyo hiyo, ikiwa bado ufalme wa Urusi kabla ya vita ya 1914, ilikuwa ikijaza meli za Ulaya kwa ngano kupitia bandari ya Odesa, ambayo leo iko Ukraine!

Wengi hudhani Urusi ilirudi sokoni kwa sababu ilianza kuvuna zaidi. Sivyo ilivyoanza. Mwaka 1990 Urusi ilivuna takriban tani milioni 50 za ngano. Mwaka 2002 ilivuna karibu kiasi hicho hicho, lakini safari hii zaidi ya tani milioni 12 zilipakiwa melini. Kilichobadilika ni mifugo. Serikali ya Kisovyeti ilitaka raia wale nyama, ikafuga ng'ombe na nguruwe wengi mno, nao wakala nafaka hadi ikabidi kuagiza nyingine ng'ambo. Mfumo ulipovunjika mwaka 1991 ruzuku zilikatika, mazizi yakapungua, na baada ya miaka kadhaa nafaka ikaanza kubaki. Mavuno makubwa yalikuja baadaye, kwenye udongo mweusi wa mikoa ya kusini ya Krasnodar, Rostov na Stavropol, jirani na Novorossiysk, bandari ambayo meli hupakia hata majira ya baridi. Sarafu ya rubo ilipoanguka mwaka 1998, na tena 2014, ngano yao ikawa rahisi machoni pa mwenye dola.

Marekani nako wakulima hawakulala. Waligundua kuwa mahindi na soya vinalipa zaidi: mahindi yakaingia viwanda vya mafuta ya ethanoli, soya ikaenda China. Shamba la ngano likapungua karibu nusu kutoka kilele chake cha 1981. Msimu wa 2023/24 Marekani iliuza nje chini ya tani milioni 20. Urusi, takriban milioni 55.

Ulaya Magharibi ilipanda ngazi kimya kimya. Miaka ya 1960 ilikuwa bado inaagiza. Bei za uhakika kwa wakulima ziliifanya iwe muuzaji kabla ya miaka ya 1980 kwisha, Ufaransa mbele.

Australia ndiyo ya kutazama kwa uangalifu. Msimu wa 2019/20, baada ya ukame, iliuza kama tani milioni 9. Miaka mitatu baadaye ilipita milioni 30. Anayelinganisha nchi kwa mwaka mmoja tu anaweza kuiita chochote anachotaka, kwa hiyo mimi huangalia angalau miaka mitano pamoja.

Na wingi wa mavuno usikudanganye. China na India huvuna ngano nyingi kuliko Marekani, lakini karibu yote huliwa nyumbani. India ilipojaribu kuuza kwa wingi mwaka 2022, joto kali liliunguza mashamba, na tarehe 13 Mei serikali ikafunga mlango.

Urusi nayo hufunga. Agosti 2010, ukame na moto vilipoteketeza mashamba, ilipiga marufuku kuuza nje, na bei ikaruka dunia nzima. Tangu 2021 haisubiri ukame: inatoza ushuru unaopigiwa hesabu upya kila wiki, na kati ya 15 Februari na 30 Juni huweka kikomo cha tani zinazoruhusiwa kutoka.