Mwanamke aliyefungwa relini

Mashabiki wakizungumzia mwanamke wa filamu anayesubiri kuokolewa, hawakawii kumtaja yule wa sinema bubu: kafungwa kamba relini, jambazi anasokota masharubu, treni inakuja. Wengi huamini filamu za Marekani za miaka ya 1910 zilijaa tukio hilo. Sivyo. Lilikuwa nadra, na mifano inayojulikana zaidi ni vichekesho vya studio ya Keystone: "Barney Oldfield's Race for a Life" (1913) na "Teddy at the Throttle" (1917). Zilikuwa zikidhihaki michezo ya jukwaani iliyokwisha kuchuja.

Na huko jukwaani? Katika "Under the Gaslight", mchezo ulioonyeshwa New York mwaka 1867, anayefungwa relini ni mwanamume, tena askari wa zamani. Anayevunja mlango kwa shoka na kumwokoa ni Laura, mhusika mkuu wa kike. Sijui kwa nini sehemu hii husahauliwa, maana ndiyo tamu zaidi.

Filamu za mfululizo za "The Hazards of Helen", zilizoanza 1914, zilimwonyesha mfanyakazi wa kike wa reli akirukia treni mwenyewe kuwafukuza wezi. Picha ya mateka na masharubu ilikolezwa baadaye, hasa na katuni za runinga kama za Dudley Do-Right.