Moyo Nao Hutoa Homoni: Dhana Zinazotupotosha

“Moyo hupiga kwa amri ya ubongo.”
Moyo una kundi dogo la seli katika chumba cha juu cha kulia, nazo huzalisha umeme zenyewe. Ukiachiwa uhuru, moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100 kwa dakika. Neva ya vagasi, inayotoka ubongoni, ndiyo inayoutuliza hadi 60 au 80.

Mtazame mtu aliyepandikizwa moyo, upasuaji ambao Christiaan Barnard aliufanya kwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 1967. Neva za moyo ule zimekatwa, hivyo hata akiwa amelala mapigo huwa ya kasi kuliko yetu. Akianza kupanda ngazi, moyo hauchangamki papo hapo. Husubiri adrenalini isafiri ndani ya damu mpaka iufikie, na akiketi huendelea kwenda mbio hadi homoni hiyo ipungue. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kazi ya homoni waziwazi kiasi hiki.

“Adrenalini ni adui wa moyo.”
Hapana. Homoni hii hutoka kwenye tezi zinazokaa juu ya figo. Hushika vipokezi vya beta, yaani sehemu zinazoipokea kwenye seli za moyo, kalisiamu nyingi zaidi ikaingia, na msuli ukabana kwa nguvu na kwa kasi. Madaktari huichoma kwa mgonjwa ambaye moyo wake umesimama.

Madhara huja inapokuwa juu siku nenda siku rudi. Moyo ukianza kushindwa kazi, mwili humimina adrenalini na noradrenalini ili kuusaidia, kumbe unazidi kuuchosha. Kwa miaka mingi dawa za kuzuia vipokezi vya beta zilikatazwa kabisa kwa wagonjwa hawa, kwa hofu kwamba zingeudhoofisha moyo zaidi. Leo ni miongoni mwa nguzo za tiba yao, zikianzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu.

“Vidonge vya homoni baada ya hedhi kukoma hulinda moyo.”
Wengi waliamini hivyo, madaktari wakiwemo. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani, lenye wanawake zaidi ya 16,000 waliopewa estrojeni pamoja na projestini au vidonge visivyo na dawa, lilisimamishwa kabla ya wakati. Mshtuko wa moyo, kiharusi na damu kuganda vilikuwa vingi zaidi kwa waliopewa homoni. Vidonge hivyo bado vina kazi yake, kama kutuliza joto la ghafla mwilini, lakini havitolewi kwa ajili ya kukinga moyo.

“Moyo ukienda mbio, basi ugonjwa uko moyoni.”
Mara nyingine uko shingoni. Homoni za tezi ya thairoidi zikizidi, moyo hukimbia hata usingizini na unaweza kupoteza mpangilio wake. Zikipungua, mapigo huwa ya polepole na kolesteroli hupanda. Kipimo cha damu hutosha kuonyesha, kwa hiyo inauma kumwona mtu akihangaika na mapigo miaka kadhaa bila tezi hiyo kupimwa.

“Moyo ni pampu tu, hupokea amri na kutii.”
Dhana hii ndiyo ninayotamani ife kwanza. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake nchini Kanada waliwachoma panya majimaji yaliyotolewa kwenye vyumba vya juu vya moyo wa panya wengine. Muda mfupi baadaye panya wale walikojoa maji na chumvi kwa wingi. Moyo ulikuwa na homoni yake! Damu ikijaa na kuta za vyumba hivyo zikavutika, moyo huzituma figo zitoe chumvi, na hivyo hupambana na aldosteroni, homoni nyingine inayoizuia chumvi isitoke.

Ndugu wa homoni hiyo ya moyo, BNP (B ni “brain”, yaani ubongo kwa Kiingereza), alipatikana mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, akapewa jina la ubongo ingawa kiwanda chake kikuu ni vyumba vya chini vya moyo. Leo mgonjwa akifika hospitali anahema, daktari anaweza kuipima BNP kwenye damu yake. Ikiwa chini, kuna uwezekano mdogo sana kwamba anahema kwa sababu moyo umeshindwa kazi, na chanzo hutafutwa kwingine.