Kipepeo Anayekulia Ndani ya Jani la Jamaa wa Mkonge

Katika miteremko ya mawe ya kusini-mashariki mwa Arizona, nchini Marekani, na ng'ambo ya mpaka katika jimbo la Sonora nchini Meksiko, huota Agave palmeri, mmea wa jenasi moja na mkonge wetu. Ndani ya majani yake mazito ndimo anamokulia Agathymus aryxna, mmoja wa vipepeo warukaji wakubwa, mwenye mwili mnene, mabaka ya rangi ya chungwa na mabawa ambayo yakikunjuliwa hufikia upana wa sentimita 5 hadi 6.

Vipepeo wengi hugandisha mayai yao juu ya jani, lakini jike wa aina hii huyadondosha tu mmeani au kando yake. Kiwavi mchanga hutoboa ncha ya jani, na majira ya baridi humkuta humo. Akishakua huhamia sehemu nene ya chini ya jani hilo au jingine, akachimba handaki jipya na kujilisha hasa utomvu unaochuruzika ndani yake. Kabla ya kugeuka bundo, yaani hatua ya kati ya kiwavi na kipepeo, huandaa tundu la kutokea na kuliziba kwa kifuniko chembamba cha hariri. Kwangu mimi hili ndilo la kustaajabisha kuliko yote, kwa sababu kipepeo mzima hana taya za kutafuna, na kama kiwavi asingemwandalia njia mapema, angefia ndani ya jani.

Vipepeo hutoka kati ya Agosti na Novemba. Hawatembelei maua, madume hufyonza unyevu wa tope tu, hivyo nguvu za kuruka na za kutaga hutokana na kile kiwavi alichokula. Mmea ukichomwa au kung'olewa, kizazi kizima kilichomo huangamia pamoja nao.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, lakini vipepeo hawa hawakufuata, kwani kundi lao huishi mabara ya Amerika pekee. Aliyevuka bahari ni fukusi wa mkonge, Scyphophorus acupunctatus, ambaye ni mbawakawa. Kwa hiyo mkulima akikuta funza ndani ya shina la mkonge, atazame miguu: kiwavi wa kipepeo anayo, ilhali funza wa fukusi hana hata mmoja.