Hadithi Fupi si Riwaya Iliyokatwa Mkia

Juzi nimepokea tena barua pepe ya aina ile ile. Kijana ana riwaya ya upelelezi ya kurasa mia mbili na kitu, mchapishaji kaikataa, sasa ameipunguza hadi kurasa kumi na mbili na anauliza kama inafaa kuingia katika mkusanyiko ninaouhariri. Nikaifungua. Maiti ukurasa wa kwanza, inspekta ukurasa wa pili, washukiwa wanne ukurasa wa tatu, kisha mbio hadi ukurasa wa mwisho, ambako inspekta anawakusanya watu wote sebuleni na kueleza mambo ambayo mimi msomaji sikupewa hata nafasi ya kuyashuku. Kijana nilimjibu kwa adabu. Hapa sitajilazimisha.

Imani hii kwamba hadithi fupi ya mauaji ni riwaya iliyopunguzwa nimeshapambana nayo miaka mingi, na najua kwetu inakotoka. Tumelelewa na hadithi za magazetini zinazoishia na “itaendelea”, na siku hizi za Facebook na WhatsApp zinazoishia vivyo hivyo, kwa hiyo kipande chochote kifupi tunakiona ni sehemu ya kitu kirefu kilichobaki mahali fulani. Hilo naweza kulisamehe. Kinachonitoa jasho ni kwamba sasa Wasweden wanaletwa kama ushahidi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mkusanyiko wa hadithi 17 za mauaji kutoka Sweden, uliohaririwa na John-Henri Holmberg na kutoka Marekani mwaka 2014 kwa jina *A Darker Shade of Sweden*. Huwa naupendekeza kwenye semina. Kila ninapoupendekeza narudishiwa malalamiko yale yale: hadithi zimeishia njiani, polisi wenyewe hawaonekani vya kutosha, na zaidi ya yote, “Stieg Larsson yumo, mbona Lisbeth, yule mdukuzi wa riwaya zake, hayumo?” Halafu linafuata hitimisho, kwamba hivi ni vionjo tu vya kukuuzia riwaya.

Tuanze na Larsson tummalize, maana hapo lawama ni ya wauzaji. Alifariki Novemba 2004, kabla riwaya yake ya kwanza haijachapishwa. Hadithi yake iliyomo humu aliiandika akiwa kijana mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa mpenzi mkubwa wa hadithi za kisayansi na kuchapisha vijarida vya wapenzi wenzake. Ni hadithi ya kisayansi, ya wakati ujao, haina mpelelezi wala tarakilishi iliyodukuliwa. Holmberg alikuwa rafiki yake tangu enzi hizo, kwa hiyo naelewa kwa nini aliiweka. Jina hilo kutangazwa hadi kwenye jalada ni jambo jingine, ni biashara. Majalada yetu wenyewe yana tabia ya “Fulani na Hadithi Nyingine”, kana kwamba nyingine zote zilikuja kumsindikiza bibi harusi.

Sasa kwenye jambo lenyewe. Anayesema hadithi hizi ni riwaya zilizokatwa hajajiuliza riwaya ya Sweden imejengwa kwa nini. Imejengwa kwa muda. Chukua Maj Sjöwall na Per Wahlöö, ambao karibu kila mtu wa huko ameandika akiwa chini ya kivuli chao. Waliandika riwaya kumi kati ya 1965 na 1975, kila moja na sura 30, zote zikiwa na kichwa kidogo kimoja kinachomaanisha riwaya ya uhalifu mmoja. Katika ile ya kwanza, *Roseanna*, mwili wa mwanamke unaopolewa kwenye mfereji wa Göta mwezi Julai. Wanampeleka mpelelezi Martin Beck kutoka Stockholm. Unajua kinachofuata? Hakuna. Wiki zinapita, simu hazilii, kahawa inamwumiza tumbo, miezi inapita hata jina la marehemu halijajulikana. Msomaji anachoka pamoja na polisi, na ule uchovu ndio ufundi wenyewe. Ukweli unapokuja, umeulipia.

Uchovu huo haukatwi. Ukipunguza *Roseanna* iwe kurasa kumi na mbili unabaki na orodha ya matukio, kama maelezo ya shahidi yaliyochapwa kituoni. Ni sawa na kumwambia mtu wa pwani akupikie pilau kwa dakika tano: atakupa wali wenye bizari.

Halafu kuna hesabu ya washukiwa, ambayo sielewi kwa nini haifundishwi. Katika riwaya una nafasi ya watu ishirini, na kumi na tano kati yao wanaweza kuwa ni wauza duka, majirani na wajomba wa kupita. Muuaji anajificha katika umati. Katika kurasa kumi na mbili una watu watatu, labda wanne. Msomaji naye si mjinga, anahesabu. Mmoja ni maiti, mmoja ni msimulizi, bado nani? Fumbo la “nani kaua” linakufa lenyewe kwa kukosa watu. Ndiyo maana mwandishi mzuri wa hadithi fupi analihamisha swali. Muuaji unaweza kumjua tangu aya ya pili, wakati mwingine ndiye anayekusimulia. Kinachokushika ni kama atasema, kama aliyekaa mbele yake ameshajua, au kama aliyeuawa alikuwa ndiye aliyekusudiwa. Sisi tuliolelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake tunaona hapo tumedhulumiwa maelezo. Hatukudhulumiwa. Kazi ya kueleza tumeachiwa sisi, na wengi hatuipendi kazi.

Msweden anayeandika kifupi ana bahati moja ambayo nimeionea wivu muda mrefu: sheria ya nchi yake ilimpa muda uliokwisha kubanwa tayari. Hadi mwaka 2010 kosa la mauaji nchini Sweden lilikuwa na ukomo wa miaka 25. Ikipita, muuaji hashtakiwi tena. Fikiri kidogo. Mzee yuko bustanini kwake, imebaki wiki moja, anabisha hodi mwanamke asiyemfahamu. Hadithi imeshaanza na haihitaji inspekta. Bunge liliondoa ukomo huo kwa mauaji yaliyofanywa kuanzia Julai 1985, na ukiangalia kalenda utaona waziri mkuu Olof Palme alipigwa risasi barabara ya Sveavägen tarehe 28 Februari 1986, kwa hiyo jalada lake lingefungwa kisheria mapema 2011. Halikufungwa. Lilifungwa 2020, mwendesha mashtaka akimtaja mtu aliyekwisha kufariki, na watu wakabaki wakibishana. Taifa zima liliishi miaka 34 na maiti isiyo na muuaji aliyethibitishwa. Unategemea waandishi wa nchi hiyo wawe na imani na ile sura ya mwisho ya sebuleni?

Kuna vifaa vingine vya nchi vinavyofupisha kazi. Wana haki ya kila mtu kupita porini na kuchuma uyoga na matunda hata kwenye ardhi ya mwingine (jaribu hilo kwenye kihamba cha mtu Kilimanjaro uone), kwa hiyo mchuma uyoga anaweza kukuta mwili popote na hakuna anayeuliza alifuata nini huko. Nyaraka za serikali ziko wazi kwa raia kwa kanuni inayoanzia sheria ya 1766. Mwandishi wa habari wa Kisweden anaomba karatasi, anapewa, tunaendelea. Wa kwetu atahitaji sura tatu na binamu masijala. Kila mkazi ana namba yake tangu 1947, hivyo mtu asiye na namba ni fumbo kabla hajafa. Na ghorofa nyingi zina chumba cha kufulia cha pamoja chenye orodha ya zamu. Msicheke. Watu wasioongea na majirani zao mwaka mzima huachiana humo vikaratasi vya hasira, huyu kapitisha muda wake, yule hakusafisha kichujio. Mandhari, chuki na ratiba ya alibi (ushahidi wa nani alikuwa wapi saa ngapi) vyote umevipata katika chumba kimoja, bure.

Kuhusu lile dai kwamba hadithi za Sweden ni theluji na giza tu nitapita haraka kwa sababu nimechoka nalo. *Roseanna* inaanza Julai. Wallander, mpelelezi wa riwaya za Henning Mankell, yuko Skåne, kusini kabisa, ambako atakachokanyaga zaidi ni tope na mvua, na Mankell mwenyewe alikuwa akigawa maisha yake kati ya Sweden na ukumbi wa maigizo Maputo. Kaskazini huko Kiruna jua la kiangazi halizami kabisa kwa wiki kadhaa. Kuua mtu pasipo na usiku kuna ugumu wake, na mwandishi anayejua kazi anautumia. Tuendelee.

Mfano ninaoupenda kuliko yote humo ni hadithi ambayo Mankell aliiandika pamoja na Håkan Nesser. Wallander anakutana kwa bahati na Van Veeteren, mpelelezi wa Nesser, wakati wa Krismasi. Tatizo ni kwamba Wallander anaishi Ystad, mji uliopo, una reli na bandari, na Van Veeteren anaishi Maardam, mji ambao Nesser aliubuni pamoja na nchi yake. Hawawezi kukutana. Barabara ya kuwakutanisha haipo kwenye ramani yoyote. Basi waandishi wawili wanawakutanisha, na raha yote iko hapo, katika kutazama mzaha huo utaendeshwa vipi bila kuanguka. Riwaya ya wazo hilo isingevuka kurasa thelathini bila kumchosha msomaji. Kifupi hivyo, inasimama. Niambieni imekatwa kutoka riwaya ipi.

Upande wa pili niseme, maana kuna mambo ambayo vitabu vya nadharia huyapitia juu juu. La kwanza, sina hakika kwamba “hadithi ya uhalifu ya Sweden” ni kitu kimoja. Nikiziondoa zile zinazotaja mahali, kuna chache ninazoweza kuapa kwamba zisingeandikwa Denmark au hata Uskoti. La pili linanisumbua zaidi. Tunafundisha kwamba Wasweden hukosoa jamii kupitia mauaji. Kwa Sjöwall na Wahlöö hilo halina ubishi: walianza mwaka uleule, 1965, ambao polisi wa Sweden walitolewa mikononi mwa serikali za mitaa na kuwa wa taifa, na waliendelea kulipigia kelele jambo hilo hadi mwisho. Walikuwa na sura 300 za kufanyia hivyo. Katika hadithi ya kurasa kumi, ukosoaji huo mara nyingi ni sentensi mbili: mzee aliyesahauliwa, ofisi isiyojibu simu. Je, sentensi mbili hizo ndizo ninazozisoma, au nasoma utangulizi uliokwisha kuniambia nizitafute?

Nimewahi kuwapa wanasemina hadithi moja bila jina la mwandishi, bila nchi na bila utangulizi. Baadhi waliona ni kisa cha wivu. Wengine, cha urithi. Aliyetaja dola na wananchi wake ni mmoja tu, na huyo ni mwanasheria, anaiona dola hata kwenye hadithi za sungura.

Kwa hiyo kwa watakaoutafuta mkusanyiko huu: utangulizi wa Holmberg una historia nzuri, lakini usomeni mwisho. Ya Larsson msianze nayo. Ile ya Mankell na Nesser itawanyima utamu kama hamjasoma angalau riwaya moja ya kila mmoja, kwa hiyo iacheni isubiri. Na tafadhali, someni hadithi moja kwa siku, mfunge kitabu. Anayezisoma zote kwa usiku mmoja ndiye anayerudi kuniambia zimeishia njiani.